Ile Kona Mnayoiiga

Wiki iliyopita nilienda Malaba kununua sabuni, nikaona nyumba ya tatu imewekwa ile kona. Geti jipya, ua wa kayaba umekatwa sawasawa, njia ya kabro, vile vitofali vya saruji, inatoka getini imenyooka vizuri, halafu kabla ya kufika barazani inapinda kushoto kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha inarudi mlangoni. Kijana aliyekuwa akimwagia saruji maji aliponiona alisimama wima. Akasema, "Mzee Ouma, tumeweka ile staili yako. Wateja wanaipenda sana." Nikamwambia kazi ni safi, nikaenda zangu. Sabuni nilisahau kununua.

Mwaka mzima nimenyamaza nikipokea sifa za ile kona. Nimenunuliwa chai kwa sababu yake. Sasa mimi ni mstaafu, magoti yamekataa ngazi na mkono wa kulia hauwezi tena kushika brashi hadi saa sita, kwa hivyo sina kazi ya kulinda tena. Vijana wangu, ile kona si staili. Ile ni aibu yangu, na nyinyi mnaenda mkiimwagia saruji kila boma.

Lakini mtaelewaje aibu ya kazi kama hamjui kazi yenyewe? Wengi wenu mlinikuta nikiwa nimeshachoka.

Mimi nilikuwa fundi wa kuosha nyumba uso. Ndivyo watu wa Busia walivyoniita. Mtu akitaka kuuza nyumba, haniiti Agosti. Ananiita mwezi wa pili, jua likiwa bado kali na rangi inakauka kabla hujamaliza kunawa mikono. Mvua ya Machi ikishashika, hapa kwetu huuzi nyumba. Mnunuzi anafika na matope mpaka kwenye goti, na hata ungempeleka ikulu ataiangalia kwa hasira ya viatu vyake. Kwa hivyo kazi yetu ilikuwa mbio, wiki tatu au nne za kukimbizana na mawingu.

Na adui wa kwanza ni vumbi. Malori yakipanga foleni ya kuvuka kwenda Uganda, vumbi lao linakaa ukutani kama unga kwenye uso wa mpishi. Sasa nyinyi mnapaka rangi juu ya vumbi, halafu baada ya mwezi mmoja rangi inabanduka vipande vipande mnasema duka liliwauzia rangi feki. Duka halina makosa. Osha ukuta. Maji ya sabuni, ufagio mgumu, kisha maji matupu, kisha uache siku nzima. Chini, futi mbili kutoka ardhini, weka mkanda wa rangi nyeusi au kahawia iliyokolea, kwa sababu udongo wetu mwekundu unarukaruka mvua ikinyesha. Geti likwangue kwa brashi ya waya mpaka mkono ulie, ulipake kwanza oksaidi nyekundu ya kuzuia kutu, ndipo ulete hiyo rangi ya kung'aa mnayoipenda.

Na chokaa itie chumvi. Hilo nililipata kwa fedheha. Mwaka wangu wa pili kazini nilipaka chokaa nguzo za baraza kule Khunyangu nikasahau chumvi. Mnunuzi akaja na suti nyeusi ya harusi, mtu mnene mwenye heshima zake, akaegemea nguzo akiongea kuhusu bei. Akaondoka na mgongo mweupe kama mbuzi wa sadaka. Alipita sokoni hivyo hivyo na hakuna aliyemwambia mpaka amemaliza vibanda vyote. Ile nyumba hakuinunua, na mimi nilizunguka njia ya nyuma ya soko kwa miezi kadhaa.

Aliyenifundisha hiyo habari ya chumvi ni Mzee Wandera, mwalimu wangu wa kazi. Mzee huyu alikuwa polepole mpaka unataka kulia. Akifika kwa mteja, hafungui ndoo. Anaomba kiti. Anakunywa chai. Halafu anamwambia mwenye nyumba, "Sasa nitembeze." Wanatembea boma lote, yeye akiuliza kila kitu: huu mti nani alipanda, hili shimo lilikuwa la nini, mbona hapa nyasi ni tofauti. Mimi nimesimama na ngazi begani, jua linapanda. Siku moja nikamuuliza, "Mzee, sisi tumekuja kupaka rangi ama kuandika historia?" Akasema, "Ouma, wewe unaona nyumba. Huyu mama anaona mahali alipoishi." Nikacheka moyoni. Nilipopata kazi zangu mwenyewe, kitu cha kwanza nilichokitupa ni huko kutembezwa.

Sasa nije kwa Mama Amoit.

Alikuwa mjane wa Kiteso, nyumba yake iko Malaba, si mbali na barabara kuu. Nyumba nzuri ya matofali, lakini uso wake ulikuwa umechoka. Alikuwa anauza kwa sababu binti yake, huyo Amoit, alikuwa amelazwa katika hospitali kubwa akisubiri upasuaji wa kichwa, na hapakuwa na njia nyingine. Kila siku nyumba ikikaa bila kuuzwa, msichana anakaa kitandani akingoja. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza. Broka aliyekuwa akimtafutia mnunuzi aliniambia, "Fundi, hii si ya kuchelewa. Fanya mtu akisimama getini tu aseme ndiyo."

Nilifika asubuhi nikamkuta mama akitoka na mfuko wa nguo, anaenda hospitalini kukaa na mtoto. Tukasalimiana. Alikuwa ameshafika getini akageuka akasema, "Fundi, kuna mawe pale mbele. Kabla hujashika hapo mbele uniulize."

Nikasema, "Sawa mama."

Nilikuwa naangalia mawingu. Mnanielewa? Upande wa Mlima Elgon kulikuwa kumeanza kuwa kweusi na ilikuwa bado Februari. Nilisema sawa mama kama unavyomjibu mtu anayekutakia safari njema.

Wakati huo njia ya kutoka getini ilikuwa ya miguu tu, udongo uliokanyagwa, na ilikuwa na kona. Ilitoka getini, ikapinda kushoto bila sababu, ikarudi mlangoni. Nikaona ni uvivu wa miguu ya watu. Nikafunga uzi kutoka getini hadi mlangoni, nikaita vibarua wawili, tukachimba inchi mbili tu na kumwaga changarawe nyekundu, tukashindilia. Njia ikanyooka kama rula. Halafu nikakusanya mawe yote niliyoyaona kwenye boma, ya nyuma ya jiko, ya kwenye kayaba, ya pale mbele, nikayapaka chokaa yenye chumvi yake, nikayapanga pande zote mbili za njia. Nyeupe, nyekundu, na nyasi kijani pembeni. Niliposimama getini hata mimi nilitaka kuinunua.

Mama alirudi siku mnunuzi alipokuja kutazama. Huyo mnunuzi ni Boss Makokha, alikuwa anafanya kazi ya kupitisha mizigo pale mpakani, mtu wa kuongea kidogo na kutazama sana. Walifika pamoja. Boss akasimama getini akasema, "Hii ni nyumba." Nikajua imeuzika. Mama naye akapita mpaka barazani, akageuka, akaanza kutafuta kitu kwa macho. Nilimwona akitafuta. Akaniita karibu.

"Fundi, mawe yangu yako wapi?"

"Mawe gani, mama?"

"Matano. Pale tulimzika mtoto wangu wa kwanza. Aliishi siku mbili."

Ndugu zangu, kuna joto linaloanzia kwenye masikio. Niliangalia zile safu mbili za mawe meupe, zaidi ya mia, yote yanafanana. Boss Makokha naye alikuwa amesikia, amesogea, ananiangalia mimi. Na mimi badala ya kusema mama nimekosa, nilinyoosha kidole. Nilionyesha pembeni kabisa, chini ya kayaba, mahali ambapo hapana mtu anapita na hapaharibu sura ya nyumba. Nikasema kwa sauti kubwa, sauti ya fundi mwenye uhakika, "Yalikuwa pale, mama. Niliyatoa kidogo nipake. Nayarudisha palepale."

Nikachukua mawe matano mazuri mazuri, nikayapanga kwa mduara chini ya kayaba. Niliacha nafasi sawa kati ya jiwe na jiwe. Mama aliyaangalia, kisha akaniangalia mimi, muda mrefu kidogo. Akasema, "Asante, fundi."

Boss akasema hapo pataheshimiwa, iandikwe kwenye makubaliano, na mama awe huru kuja kumwona mtoto wake wakati wowote. Iliandikwa. Nyumba ikanunuliwa, Amoit akapasuliwa, akapona. Leo ni mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nikajiambia basi, yameisha vizuri.

Nilijua nimedanganya? Mtaniuliza hivyo. Nilijiambia sijui yale mawe yalitoka wapi hasa, kwa hivyo huenda ni pale. Lakini mtu anaweza kujificha jambo mwenyewe ndani ya kichwa chake, akalifunika vizuri kabisa, na bado akawa anajua limelala wapi.

Boss Makokha alipenda kazi yangu akawa ananiita kila Februari kuosha uso wa nyumba upya. Na Mama Amoit, ambaye alikuwa amehamia Moding kwa watu wake, alikuwa anakuja mwezi huo huo kabla ya kulima. Kwa hivyo tulikuwa tunakutana. Alikuwa anaingia getini, ananisalimia, anatembea juu ya njia yangu mpaka katikati, halafu anaiacha. Anashuka kwenye nyasi, anazunguka, anarudi kwenye njia karibu na baraza. Kisha anaenda kwenye kayaba, anang'oa gugu moja au mawili kati ya yale mawe, anakaa kidogo, anaondoka.

Mwaka wa tatu au wa nne, mimi niko juu ya ngazi na nimeudhika na rangi iliyokuwa inachuruzika, nikamwambia, "Mama, mimi nilitengeneza njia yote hiyo na wewe unakanyaga nyasi ya watu."

Alisimama. Akasema, "Miguu yangu imezoea huku, fundi." Akaendelea.

Mimi niliyesema hayo ndiye mnayemwita mzee wa kazi.

Tuje mwaka jana. Nilikuwa nimeshastaafu. Boss Makokha naye alikuwa anahamia Busia mjini, anauza, na kama kawaida ilikuwa Februari. Akanipigia simu. "Mzee Ouma, njoo unisimamie tu, hutashika brashi. Siku hizi watu wanataka kabro. Tunachimba hiyo njia futi moja na nusu, tunaweka kokoto, tunapanga kabro, naweka picha kwenye simu." Hapo ndipo nyinyi mmetushinda, mnang'arisha ukuta kwenye simu bila hata ndoo. Nikamwambia nitakuja.

Usiku huo nilipima kwa mkono kutoka sakafuni. Futi moja na nusu. Mtoto wa siku mbili hazikwi chini sana. Na mimi peke yangu duniani, ndivyo nilivyodhani, ndiye niliyejua kwamba yale mawe ya kwenye kayaba hayalindi kitu. Vibarua wangechimba wakiamini kaburi liko salama kule pembeni, na jembe lingekuwa la kwanza kujua ukweli.

Asubuhi nilimwambia Boss asubiri siku moja, nikapanda boda mpaka Moding. Nilimkuta Mama Amoit akianika mtama. Amezeeka, lakini mgongo uko sawa. Akanisalimia kwa Kiteso, "Yoga, fundi. Umekuja kunipaka rangi mimi?" Sikuweza kucheka. Alileta kiti, akaleta uji. Nilikaa na kile kikombe mpaka kikapoa.

Nikamwambia yote. Nikamwambia, "Mama, pale nilipokuonyesha si pale. Niliogopa. Nilichagua mahali ambapo hapaharibu kazi yangu. Na sasa wanataka kuchimba na mimi sijui mtoto yuko wapi."

Aliendelea kutandaza mtama kwa kiganja. Akasema, "Mimi najua."

"Unajua nini, mama?"

"Najua yuko wapi. Mume wangu alimzika mbele ya nyumba, hatua tisa kutoka nguzo ya kwanza ya baraza, ili tukifungua mlango asubuhi tumwone. Na sisi wote tukawa tunapita kando. Hivyo ndivyo ile njia ilipata kona. Wewe ukaja ukainyoosha."

Nilitaka ardhi ifunguke. Miaka yote hiyo, kila alipofika katikati ya njia yangu, alikuwa anashuka kwenye nyasi ili asimkanyage mtoto wake. Na mimi juu ya ngazi nikamgombeza.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umeshaonyesha, na sauti yako kubwa. Ningesema si hapo, Boss angeuliza ni wapi, na ni katikati ya geti na mlango. Nani ananunua nyumba ambayo kaburi liko njiani? Na Amoit alikuwa anangoja." Akachukua mtama mwingine. "Nikachagua aliye hai."

"Na baadaye, mama? Nyumba ikishanunuliwa?"

"Baadaye nilikuwa nakungoja wewe."

Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana. Nililia pale mbele ya mtama kama mtu asiye na watu, na yeye akaondoa kile kikombe cha uji baridi akaniletea cha moto.

Nilirudi Malaba siku hiyo hiyo nikamwambia Boss Makokha, mbele ya vibarua, kwa sababu uongo niliusema mbele za watu. Aliitazama ile njia mpaka getini. Kisha akauliza, polepole, "Kwa hivyo mimi na watoto wangu tumekuwa tukipita juu yake kila siku?"

"Ndiyo, boss."

"Na siku zile nilikuwa naingiza gari mpaka barazani?"

"Ndiyo."

Alivua kofia. Akaniambia, "Mzee, umenifanya nikanyage mtoto wa mtu kwa miaka yote hii, na kwenye makubaliano niliandika nitamheshimu." Akaingia ndani na hakutoka hadi mchana. Alipotoka alisema maneno mawili tu: "Rudisha kona."

Kwa hivyo tulihesabu hatua tisa kutoka nguzo ya kwanza. Pale hatukuchimba. Niliondoa changarawe kwa mikono, mimi mwenyewe, na magoti haya mnayoyajua, mpaka nikafika kwenye udongo wa zamani. Kabro tukaipitisha kushoto, pale pale miguu ya mama na mumewe ilipokuwa imeichora zamani. Nikatoa mawe matano kule kwenye kayaba, nikayakwangua chokaa kwa brashi ya waya mpaka yakarudi rangi yake. Huenda hata si yale yake. Hilo sitalijua kamwe, na nilimwambia hivyo. Boss alimweleza mnunuzi mpya ukweli wote kabla hajatia sahihi. Yule mama aliyenunua alisimama getini, akaangalia, akasema tu kwamba atapanda maua pembeni.

Picha ikazunguka kwenye simu zenu. Mkaona kona, mkaona mawe matano katikati ya duara la nyasi, mkasema mzee bado ana ubunifu. Wengine mnaweka hata mawe. Kule karibu na stendi nimeona kona yenye mawe saba, na chini yake hakuna mtu, kuna bomba la maji.

Siwazuii. Kona ni nzuri, na wateja wanaipenda. Lakini mkifika kwa mtu anayeuza nyumba, wekeni ndoo chini, ombeni kiti, mkubali chai hata kama mawingu yameanza. Mwambieni awatembeze. Mkiona njia imepinda bila sababu, muulizeni nani aliipinda. Na mkikosea, msinyooshe kidole. Hicho kidole nilichonyoosha dakika moja kimenichukua miaka kukirudisha.

Mwezi wa pili mwaka huu Mama Amoit alikuja. Amoit alikuwa amemshika mkono. Mwenye nyumba mpya alikuwa ameniita niangalie geti, basi nilikuwepo, nimesimama karibu na ua nikijifanya napima kutu. Sikutaka kutazama na sikuweza kuacha kutazama. Aliingia. Akatembea juu ya kabro mpaka katikati, na mimi nikangoja ashuke kwenye nyasi, kwa mazoea. Hakushuka. Alifuata kona, taratibu, akasimama kidogo kando ya yale mawe, akaendelea kwenye njia mpaka mlangoni.

Pale mlangoni aligeuka akanitafuta kwa macho kama alivyotafuta siku ile.

"Fundi," akasema, "sasa njia yako inapitika."

Niliinama nikaendelea kukwangua kutu mahali ambapo hapakuwa na kutu.